Shawa ya Nairobi haifai bafu la Garissa

Kama uko Garissa na umepanga kurekebisha bafu, hebu ngoja kidogo kabla hujamtumia fundi pesa. Najua ushaona picha. Taili nyeupe mpaka darini, kioo cha kutenganisha, na juu ile shawa pana kama sinia inayomwaga maji kama mvua. Ama umelala kwa rafiki yako South C, ukaoga kwa shawa ya stima asubuhi ya Julai, ukajiambia na sisi nyumbani lazima tuwe na hii.

Mimi nilijiambia hivyo. Nikakosea, na aliyelipia kosa langu ni ayeeyo.

Ayeeyo, nyanya yangu, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Aliporudi kutoka hospitali hakuweza tena kuinama kuchota maji kwa kopo, wala kunyanyua ndoo. Kaka yangu aliye Minneapolis akatuma pesa, akasema bafu litengenezwe upya ili mama mzee aoge kwa heshima. Swali likawa ni shawa gani. Na kwetu mtu aliyekaa Nairobi miaka miwili, hata kama chuo hakumaliza, huonekana mjuzi wa mambo ya kisasa. Hooyo akaniambia, "Wewe ndiye unajua. Chagua."

Nikachagua ya stima. Nikachagua na taili zinazong'aa. Fundi akafunga vyote kwa siku mbili.

Wiki ya kwanza maji yalitoka kama mate ya mtu mwenye kiu. Wiki ya pili tukagundua kwamba kuanzia saa tano asubuhi mpaka usiku, hata ukizima kile kipasha maji, maji yanachoma. Wiki ya tatu ayeeyo akatoka bafuni akitetemeka, akasema kwenye maji kuna siafu wanaouma vidole. Nikacheka. Nikaenda kushika mfereji kwa mkono wenye maji, nikaacha kucheka. Ilikuwa stima. Fundi hakuwa ameunganisha waya wa ardhini.

Ayeeyo alikataa kuingia bafuni siku nne. Mtu aliyeoga na kutawadha kila siku ya maisha yake, mara tano na zaidi, sasa anaogopa maji. Hilo ndilo linanifanya niandike haya.

Msimamo wangu ni huu: usichague shawa kwa kuangalia shawa. Anza na maji yako, kisha mwangalie mtu dhaifu zaidi nyumbani mwako. Ukifanya hivyo, nyingi ya shawa zinazouzwa kwa hadiwea zetu zitajiondoa zenyewe.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo tunachekesha zaidi. Shawa ya stima ilitengenezewa watu wa baridi. Nairobi mwezi wa Julai, alfajiri inaweza kushuka hadi nyuzi 10 ama chini yake. Huyo mtu ana haki ya kupasha maji. Sisi hapa mchana unakaribia nyuzi 35 ama kuzipita sehemu kubwa ya mwaka, na hata msimu tunaoita wa baridi, usiku haushuki sana chini ya nyuzi 20. Halafu tangi letu ni jeusi, la plastiki, limekaa juu ya paa la mabati kwenye jua kali. Ndugu yangu, hilo tangi lenyewe ni hita. Hulipii hata senti. Tatizo letu ni kupoza maji, na hakuna anayetuuzia kifaa cha kupoza.

Sasa piga hesabu ya stima. Shawa nyingi za aina hiyo hula wati 5,500 hivi. Oga dakika kumi, umemaliza karibu yuniti moja. Nyumba ya watu wanane, kila mtu mara moja kwa siku, ni yuniti saba. Kwa mwezi ni zaidi ya 200, za kupasha maji ambayo jua lilishayapasha. Na stima yenyewe unajua inavyotuchezea. Tuna mtambo wa jua wa megawati 50 hapa hapa Garissa, uliozinduliwa Desemba 2019, na bado tunakaa gizani jioni tukipepea kwa kipande cha katoni.

Pili, nguvu ya maji. Hapa niliponea kwa fizikia ya shule ya upili, maana ya chuo sikufika. Kila mita moja ya urefu kati ya maji kwenye tangi na kichwa cha shawa inakupa bar 0.1 tu ya msukumo. Tangi letu lilikuwa kwenye kichanja cha mita tatu, na shawa iko mita mbili kutoka sakafuni. Baki mita moja. Bar 0.1! Ile shawa pana ya mvua huhitaji karibu bar 1 ili ifanye kazi yake, yaani tangi liwe mita kumi juu yake. Hiyo ni nyumba ya ghorofa yenye tangi juu kabisa, si nyumba yetu ya mabati Bulla Iftin. Ukiifunga kwako itadondosha matone kama paa linalovuja, na utakuwa umelipia sinia.

Unaweza kununua pampu, ndiyo. Lakini pampu inataka stima, na stima ikienda umebaki na sabuni machoni.

Tatu, kiasi cha maji. Shawa ya kawaida hutoa lita tisa hivi kwa dakika ikiwa msukumo uko sawa. Ukikaa chini yake dakika saba ni lita 63. Mitungi mitatu ya lita 20 na zaidi. Mtu mmoja. Kwa ndoo na kopo, mtu huyo huyo anaoga vizuri kwa lita 15 hadi 20. Wewe ambaye hununua maji kwa mkokoteni wa punda mfereji ukikauka, jiulize kama ungemwaga mitungi mitatu kichwani mwako ukiwa umeilipia mmoja mmoja. Na usiniambie Tana iko hapo karibu. Novemba 2023 mto ulifurika mpaka barabara ya kwenda Madogo ikakatika, na wiki hiyo hiyo mfereji wetu ulikuwa mkavu. Maji mengi mtoni si maji bafuni.

Nne, maji yenyewe yakoje. Ya Tana mvua ikinyesha huja na tope. Ukienda Wajir ama Dadaab, watu hutumia visima, na mara nyingi maji yana chumvi. Tope linaziba vitundu vya shawa, chumvi inaacha ule ukoko mweupe. Kichwa chenye vitundu vidogo vidogo mia kitakufa mapema kuliko chenye vitundu vichache vikubwa. Kichwa kinachofunguliwa kwa mkono, ukakilaza usiku kucha ndani ya siki na kukisugua kwa mswaki mzee, kitakaa miaka. Na kama ni lazima ununue ya stima kwa sababu yako, uliza dukani ile ya maji ya chumvi. Ipo, ni tofauti na ile ya maji baridi ya kawaida. Chumvi hufanya maji yapitishe stima kwa urahisi zaidi, na hapo ndipo siafu wa ayeeyo wanapotoka.

Kuhusu huo usalama sitazunguka. Wati 5,500 ni karibu ampea 23. Waya mwembamba wa taa hauwezi kubeba mzigo huo. Unapata moto ndani ya ukuta na huoni mpaka unuse. Inahitaji waya wake mnene kutoka kwa mita, swichi yake peke yake, na waya wa ardhini unaofika kweli ardhini, si ule unaofungwa kwenye msumari ukutani ili mwenye nyumba aone rangi ya kijani. Fundi wa stima anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA. Muulize akuonyeshe. Akikasirika, umeshapata jibu. Mimi sikuuliza, nilimwamini kwa sababu alikuwa na mashine nzuri ya kutoboa.

Najua kuna watakaonipinga. Habaryar wangu, dadake hooyo, alinipinga kabla hata sijaandika. Alisema, "Kwa hiyo sisi watu wa huku tukae na ndoo milele? Wageni wakija kutoka Nairobi watuone wa zamani?" Hoja yake naiheshimu. Kwa miaka mingi sehemu hizi zilikuwa za mwisho kupata kila kitu, barabara, shule, maji. Mtu akijenga bafu zuri kwa jasho lake hataki kijana wa mtandaoni amwambie arudi kwa kopo. Halafu kuna mama aliyejifungua, kuna mtoto mchanga, kuna mzee anayetaka maji ya vuguvugu alfajiri. Hao nao wana haki.

Lakini habaryar, mimi sisemi tusiwe na shawa. Nasema tuwe na yetu. Aibu si ndoo. Aibu ni shawa ya bei ghali iliyofungwa ukutani kama picha, huku chini yake kuna ndoo na kopo ambavyo ndivyo kila mtu anaogea. Na hizo bafu umeziona, tena nyingi. Kwa yule anayetaka vuguvugu alfajiri, maji yaliyobaki kwenye tangi jeusi tangu jana bado hayajapoa sana. Na kwa mtoto mchanga, sufuria moja jikoni inatosha.

Sasa nikwambie tulichofanya mara ya pili, kwa pesa kidogo zilizobaki, na aibu nyingi kwangu.

Tulitoa shawa ya stima. Waya wake ukakatwa mpaka kwenye mita, si kufunikwa na plasta tu. Tukapandisha kichanja cha tangi mita mbili zaidi, na kabla ya kuweka tangi fundi akahakikisha miguu ya chuma inabeba. Lita elfu moja ni kilo elfu moja, usisahau. Juu ya tangi tukaweka kibanda cha mabati kilichoachwa wazi pande zote, na tangi lenyewe tukalizungushia magunia. Maji ya saa kumi jioni sasa unaweza kuyaoga bila kupiga kelele.

Kwenye bomba la kuingilia tukaweka chujio ndogo ya tope, ile unayoifungua na kuisuuza mwenyewe. Ukutani tukafunga shawa ya mkono, yenye mpira mrefu na kichwa kidogo chenye kitufe cha kufungia. Ni ndugu ya ule mpira wa kutawadhia tulio nao chooni, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa. Unajimwagia, unafunga, unajisugua, unafungua, unajisuuza. Ukihesabu, unarudi kwenye zile lita za ndoo. Ina ndoana mbili ukutani: ya juu kwa mrefu kama mimi, ya chini kwa aliyeketi.

Na chini, kimo cha goti, tukaacha mfereji wa kawaida. Maji yakipungua unaweka ndoo hapo, maisha yanaendelea.

Zile taili zinazong'aa tuliziondoa sakafuni. Zilikuwa nzuri kwa picha, na zikilowa na sabuni zilikuwa mtego wa mtu mwenye nyonga iliyounganishwa. Tukaweka zenye kukwaruza. Kando ya shawa tukafunga bomba la chuma la kushikilia, likashikwa ndani ya mawe, si kwenye plasta. Na kiti cha plastiki, kile kifupi cha sokoni, kutoka Soko Mugdi.

Ayeeyo alisimama mlangoni muda mrefu. Akaniambia mimi nitangulie nishike mfereji. Nikashika, kwa mkono wenye maji, nikiwa nimevaa nguo zangu zote. Akaniangalia usoni kama anasoma habari. Halafu akasema nitoke, afunge mlango.

Alioga peke yake. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke hakuna mtu aliyemsaidia, hakuna mjukuu wa kike aliyesimama na kopo akiangalia pembeni kwa adabu. Alikaa huko ndani nusu saa. Hooyo alitaka kugonga nikamzuia.

Kwa hiyo wewe unayejenga ploti za kupangisha karibu na chuo kikuu, wewe landilodi mtarajiwa, wewe uliyetumiwa pesa na ndugu aliye ng'ambo: kabla ya hadiwea, panda kwenye tangi lako saa tisa mchana uyaguse maji. Pima kwa futi kutoka tangi hadi kichwa cha shawa. Hesabu mitungi. Onja kama kuna chumvi. Kisha ingia bafuni, ukae chini, ujiulize kama mtu wa miaka themanini anaweza kuoga hapo akiwa peke yake na mlango umefungwa.

Ukishamaliza hayo, ndiyo umuulize fundi bei.