Dawa ya sukari na chungu kitupu

Baada ya kikao cha wiki iliyopita mama mmoja alibaki nyuma akauliza: mama mkwe wake ana ugonjwa wa sukari, ana tansio, macho yanafifia, magoti yanamsumbua, na kila ugonjwa una kidonge chake. Aanzie wapi?

Aanzie kwenye chungu. Kabla ya kuhesabu vidonge, ahesabu mzee anakula mara ngapi kwa siku, na saa ngapi. Najua jibu hilo halipendezi, maana anayeuliza habari za dawa anataka kusikia jina la dawa. Lakini sukari ina njia mbili za kumdhuru mzee. Ikipanda, kwa kawaida huharibu polepole: kiu, kukojoa usiku kucha, kukonda, vidonda visivyopona, macho, figo. Ikishuka, inaweza kumwondoa kati ya asubuhi na jioni. Na mara nyingi inayoishusha ni dawa yenyewe, aliyopewa kwa upendo, kwa saa yake, tumboni mkiwa hamna kitu.

Vidonge vinavyotolewa sana huku kwetu ni viwili, navyo havifanani. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, ila haitakiwi figo zikiwa zimechoka sana, na husimamishwa mzee anapohara au kutapika mpaka mwili unakauka. Glibenklamidi ni kali zaidi. Inausukuma mwili kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala. Shirika la Afya Ulimwenguni, hilo OMS, kwenye orodha yake ya dawa za lazima limeandika kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliopita miaka 60. Bado iko kwenye farmasi zetu kwa sababu ni bei ndogo na inajulikana. Kama mzee wako anaimeza, usimkatishe leo kwa sababu ya maneno yangu. Nenda kituoni ukaulize kama kuna nyingine, gliklazidi kwa mfano, au kama kipimo kinaweza kupunguzwa.

Tuseme kweli juu ya nyumba zetu. Kuna familia nyingi zinazokula mara moja, watu wakirudi shambani, saa kumi au saa kumi na moja jioni. Asubuhi ni chai, siku nyingine hata chai hakuna. Muganga ameandika "asubuhi na jioni", mzee ametii. Saa tano anatoka jasho, mikono inatetemeka, anagombana na wajukuu bila sababu, kisha anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Watu wanasema ni uzee, wengine ni malaria, wengine wanaanza kutafuta nani kamroga. Kumbe ni sukari imeshuka.

Kwa hiyo ukifika kituoni mwambie muganga ukweli: "Kwetu tunakula mara moja." Aibu hiyo ni ya dakika mbili tu. Yeye akijua, anaweza kupanga dawa ifuate chakula. Asipojua, ataandika kama vile kila nyumba ina mikate ya asubuhi.

Wenye mashine ya kupima sukari wakumbuke namba 70. Chini yake ni hatari, hata kama mzee anasema yuko sawa. Kwa upande wa juu msipigane vita ya kijana. Chama cha ugonjwa wa sukari cha Marekani, kwa wazee wenye magonjwa kadhaa, kinapendekeza kabla ya kula sukari iwe kati ya 90 na 150. Mama wa miaka 75 mwenye 140 asubuhi asiongezewe dawa na jirani. Na mashine ikikosekana, ukiona dalili nilizozitaja, mtendee kama mtu ambaye sukari imeshuka. Sukari kidogo ya ziada kwa siku moja haitamdhuru kama kuikosa.

Namna ya kumtendea: akiwa anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au asali, au juisi ya muwa. Ngoja dakika 15. Kama hajarudia hali yake, mpe tena. Akiamka vizuri, apate chakula cha kushika tumbo: ugali, ndizi, muhogo, chochote kilichopo. Akiwa amezimia usimwagie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, mpake asali au sukari yenye maji kidogo ndani ya shavu, na pikipiki iitwe mara moja, kwa sababu anahitaji maji ya glukozi ya mshipa. Na kama alimeza glibenklamidi, hata akiamka na kuanza kucheka, msimrudishe nyumbani upesi. Dawa hiyo inakaa mwilini. Sukari inaweza kushuka tena usiku huo, hata kesho yake, zaidi kwa mzee mwenye figo dhaifu.

Hapo ndipo magonjwa mengine yanapoingia, na hapa naomba msome polepole. Magoti yanauma, mtoto ananunua diklofenaki au ibuprofeni sokoni. Dawa hizo zikimezwa siku nyingi zinaumiza figo na kupandisha tansio. Figo zikichoka, dawa ya sukari haitoki mwilini kama zamani, inajikusanya. Kipimo kilichomfaa mwaka jana sasa kinamwangusha. Hakuna aliyebadilisha dawa ya sukari, lakini imebadilika. Kwa magoti parasetamoli ni salama zaidi, pamoja na kitambaa cha maji ya moto, lakini maji yapimwe na mkono wa mtu mwingine, kwa sababu mzee mwenye sukari anaweza kuungua asisikie.

Deksametazoni na prednizoloni zinafanya kinyume. Zinapunguza maumivu vizuri, mzee anawasifu, na huku sukari inapanda. Vile vidonge wasichana wanavyonunua ili wanenepe, mara nyingi ndani mna hiyo hiyo deksametazoni. Visikae nyumba moja na mgonjwa wa sukari, na kwa kweli visikae nyumba yoyote.

Dawa ya tansio iitwayo propranololi nayo ina jambo lake: inaficha kutetemeka na mapigo ya moyo. Mzee anayeimeza sukari ikishuka anaweza kuonyesha jasho tu na akili kuchanganyikiwa. Na kinini ya malaria, ile ya mchungu tunayoijua tangu utoto, inashusha sukari yenyewe. Mzee mwenye malaria hali, anapewa kinini, na bado anamezeshwa dawa ya sukari: mambo matatu yanavuta upande mmoja. Siku ya homa, kabla ya kidonge cha sukari, peleka mtu kwa muganga aulize.

Hata paka hupata ugonjwa huu wakizeeka na kunenepa. Ulaya wenye paka huwadunga insulini, mara nyingi asubuhi na jioni, na jambo la kwanza wanalofundishwa ni kutodunga kipimo chote kama paka hajala, bali kumuuliza kwanza muganga wa wanyama. Mnaweza kucheka. Mimi nilipolisoma niliwaza jinsi sheria hiyo inavyohesabiwa kwa paka na kusahauliwa kwa koko.

Kuhusu insulini: wazee wachache huku wanadungwa, na swali lao ni friji. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji ya hospitali, zisigande. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nyumbani wiki nne penye ubaridi. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walifuatilia joto la nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, kisha wakaijaribu insulini kwenye joto kama hilo, kati ya nyuzi 25 na 37. Mwaka 2021 walitangaza kwamba baada ya wiki nne ilikuwa bado nzuri. Sisi tuna chungu: weka kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia mchanga maji asubuhi na jioni, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Chupa iwe ndani ya kitu kikavu. Ikionyesha mabonge au imebadilika rangi, usidunge.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Msimnyime mzee ugali. Mpunguzieni bonge, muongeze sombe, lengalenga, maharagwe na samaki. Chumvi ndogo kwa ajili ya tansio, na samaki wa chumvi aloweshwe kwanza. Kama kuna uwezo wa kubakiza kipande cha muhogo au karanga za asubuhi, hicho kipande ni chake kabla ya watoto wakubwa. Wazee wetu Waislamu mwezi wa Ramadhani huona vibaya kuacha kufunga, lakini mgonjwa ameruhusiwa, na maimamu wanajua. Akisisitiza, mipango ya dawa ibadilishwe kabla mwezi haujaandama, si baada ya kuanguka.

Vikundi vyenye likelemba vinaweza kufanya kitu. Mashine moja ya kupima sukari inatosha kijiji, ghali ni bandeleti. Kila mashine ina bandeleti zake, za mashine nyingine hazifanyi kazi, na zina tarehe ya mwisho. Nunueni chache chache, mpime siku dalili zinapoonekana na siku dawa inapobadilishwa. Kupima kila siku ni kumaliza pesa.

Jambo la mwisho ni kwa wenzetu wa Kabambare, Lusangi na Saramabila, ambao wengi wamewahi kuamka usiku na kukimbilia porini. Fungeni mfuko mdogo wa mzee, ukae mlangoni: dawa za siku saba, sukari iliyofungwa kwenye nailoni, viatu vya kufunika vidole, na karatasi yenye majina ya dawa zote, ya sukari, ya tansio na ya magoti. Mjukuu mmoja ajue kwamba mfuko huo ni kazi yake. Porini chakula hakina saa. Siku ambayo hakuna cha kula kabisa, glibenklamidi ibaki mfukoni. Mwenye insulini asiiache yote, maana sukari inaweza kumpanda vibaya. Yeye aulize kituoni mapema, leo kukiwa shwari, kipimo cha siku kama hizo ni kipi, na kiandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo.

Wiki ijayo: miguu ya mgonjwa wa sukari, na kwa nini majivu ya jikoni si dawa ya kidonda.