Kukubaliwa si Kufadhiliwa

Binti akiletewa barua ya kukubaliwa kusomea mipango miji ughaibuni, nyumba hujaa vigelegele, na pengine kiwanja hutafutiwa mnunuzi kabla barua haijasomwa hadi mwisho. Isomeni.

Chukueni mfano wa Idara ya Jiografia na Mipango ya Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Anayeingia shahada ya uzamivu hupewa ufadhili wa miaka kadhaa, na sehemu yake huwa ujira wa kusaidia kufundisha. Uzamili wa mipango, wa miaka 2, humtayarisha mtu kwa kazi ya mtaalamu wa mipango miji. Huko mwanafunzi hujitafutia zaidi mwenyewe. Idara ni moja, mifuko ni miwili.

Basi kabla hajajibu, binti aulize kwa maandishi (yeye, si baba yake): Karo imelipwa yote au nusu? Kitakachobaki kitatosha kodi ya nyumba na chakula? Ufadhili ni wa miaka mingapi, na hukatwa kwa sababu gani? Pengo lisilojulikana mapema ndilo mlango wa mkopo wa riba, na deni hilo ataliandikisha kwa jina lake.

Kwa uzamili, iko pia njia ya Uingereza: ufadhili wa Jumuiya ya Madola hulipa karo, nauli na posho, na Wakenya wanaruhusiwa kuomba. Maombi hupelekwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo, kwa hiyo matayarisho yaanze mapema.