Kulipa deni hakufuti jina CRB

Wengi hapa Kenya hudhani ukishalipa mkopo wa simu, historia yako CRB (ofisi za kumbukumbu za mikopo) inafutwa palepale. La hasha. Salio litasomeka sufuri, lakini rekodi kwamba ulishindwa kulipa hubaki miaka 5 tangu ulipomaliza deni. Ndiyo maana nawasihi: ombeni ripoti zenu, moja kwa mwaka ni ya bure, mkazikague mstari kwa mstari. Shangazi yangu, mama mboga, alikuta deni alilokwisha kulipa bado linasomeka anadaiwa! Ujumbe wa M-Pesa aliouhifadhi ndio uliomtetea likasahihishwa. Tunzeni jumbe hizo, jamani. Na anayedai ana mtu wa ndani wa kufuta jina kwa ada, msimpe hata shilingi.