Nguo ya mtoto na pasi ya moto



Sisi wakaaji wa Lubumbashi twajua ya kuwa siku moja ya mwezi wa sita ina majira mawili ndani yake. Mji wetu umekaa juu, kwenye kimo cha mita 1,200 hivi. Alfajiri joto hushuka chini ya digrii 10, na mtoto hutetemeka mgongoni. Mchana jua huwaka, na joto hufika karibu na digrii 25. Mama amvikaye mtoto koti moja zito asubuhi hana la kupunguza mchana ila kumwacha wazi, na jasho lililolowesha nguo ndilo litakalomtia baridi jioni. Afadhali nguo tatu nyepesi: fulana ya pamba ngozini, shati juu yake, na sweta ya kuvua jua lipandapo. Hayo wengi wenu mnayajua tangu kwa mama zenu, wala sitayarefusha.

Ninalotaka kuwaeleza leo ni jingine. Tunapochagua nguo itakayogusa ngozi ya mtoto, twazoea kutazama rangi na bei. Yafaa tuulize kwanza: je, nguo hii yaweza kuvumilia pasi ya moto?

Kuna nzi mmoja wa rangi ya kimanjano, mkubwa kuliko yule wa nyumbani, ambaye Wafaransa humwita buu lake mdudu wa Cayor, kwa jina la nchi iliyoko Senegali. Nzi huyu hulichukia jua. Hutafuta kivuli, na humo hutaga mayai yake, mamia kwa mamia, juu ya mchanga ulionajisika kwa mkojo, ama juu ya nguo mbichi zilizoanikwa. Baada ya siku chache mayai huangua. Kibuu hakionekani kwa urahisi, nacho chaweza kungoja siku nyingi, hata kukaribia wiki mbili, mpaka kiguswe na mwili wenye joto. Hapo huingia ngozini bila maumivu. Mama huona kipele tu, kisha kipele kinakuwa jipu lenye tundu dogo katikati, na mtoto halali usiku. Wengine husingizia damu mbaya, wengine humtazama jirani kwa jicho la shaka, kumbe kisa kilianzia penye kamba ya nguo.

Tena kuna shida moja ambayo kila mwenye nyumba nadhifu ataitambua. Ili vikwembe visipauke, tumefundishwa kuvianika kivulini, na fundisho hilo ni la kweli kwa upande wa rangi. Lakini kivuli kile kile ndicho akipendacho yule nzi. Tufanyeje? Geuza kikwembe, upande wa ndani utazame juu, ukianike juani; rangi itaumia kidogo tu. Nepi na fulana nyeupe za mtoto zisijue kivuli kamwe. Usizitandaze juu ya majani wala juu ya ua wa miti, bali uziinue kwenye kamba, nawe uzianue zikikauka kabisa, kabla ya jioni.

Mvua zikisharudi, kuanzia mwezi wa kumi au wa kumi na moja, nguo hukawia kukauka, na jua halitoshi. Ndipo pasi inapokuwa ya lazima. Ipitishe pande zote mbili, ukikaza hasa penye mishono, mapindo na mikanda, maana mayai hujificha humo. Kupiga pasi mbele tu ili nguo ipendeze machoni pa watu hakumsaidii mtoto.

Basi mwaona kwa nini pamba yashinda nailoni. Pamba hunywa jasho, huvumilia maji yanayochemka, haiogopi pasi. Nailoni huliacha jasho juu ya ngozi, nayo huyeyuka kwa moto ule unaoua mayai. Sokoni, hasa penye nguo za mitumba ambazo kibandiko chake kimekatwa, muuzaji ataapa kwamba yote ni pamba. Nunua moja kwanza, chomoa uzi mmoja penye mshono, uuchome nyumbani. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha tone gumu.

Umeme ukikatika, wengi hurudia pasi ya makala. Ni chombo kizuri, ila kisitumiwe katika chumba kilichofungwa, hasa asubuhi za baridi. Makala hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu waliolala. Piga pasi barazani, au fungua mlango na madirisha.

Sweta ya sufu haipendi moto mkali. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, uikamue kwa kuibana bila kuisokota, uilaze juu ya kitambaa ndani ya chumba chenye wavu madirishani. Kama huna wavu, iache ikauke vizuri juani, kisha uifunge kando wiki mbili kabla ya kumvika mtoto.

Na jipu likiwa limekwisha kutokea? Usilibinye lingali changa. Buu likipasukia ndani, kidonda huvimba na kuoza. Funika tundu kwa vaselini nyingi. Buu hukosa hewa, hujitokeza, nawe waweza kulitoa kwa kubana polepole pande zote mbili, kisha uoshe kwa maji na sabuni. Lakini likiwa karibu na jicho, au mtoto akiwa na homa, usijaribu mwenyewe: mpeleke kwa muuguzi siku ile ile, na ukirudi, toa nepi zote sandukuni uzipige pasi upya.