DRC: Kuweka dawa kando hakutoshi kushinda bakteria sugu

Wengi wanaamini kwamba antibiotiki ikishindwa kutibu, inatosha kuiacha miaka michache, kisha itarudisha nguvu yake. Si kila mara inakuwa hivyo, na kwa DRC jambo hili linagusa maisha ya watoto.

Mwaka 2019, watafiti wa Kongo na Ubelgiji walitangaza kwamba wamegundua nchini humu kundi jipya la salmonela ya aina ya ST313, ambayo huingia katika damu. Kundi hilo linastahimili dawa za zamani, na pia seftriaksoni na azithromisini, ambazo madaktari huzitegemea pale nyingine zinaposhindwa. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, hasa wenye malaria au utapiamlo.

Je, usugu hauna gharama kwa bakteria? Unayo. Ili kuokoka, bakteria hugeuza sehemu ya mwili wake inayolengwa na dawa, ama huisukuma dawa nje. Kazi hiyo inakula nguvu. Mahali pasipo na dawa, bakteria sugu mara nyingi huzaana polepole kuliko wenzake, kama msukuma chukudu mwenye mzigo mzito anayepitwa na wenye mzigo mwepesi.

Ufini ilifaidika na udhaifu huo. Madaktari walipopunguza erithromisini mwanzoni mwa miaka ya 1990, usugu wa bakteria wa koo ulishuka kutoka asilimia 16.5 mwaka 1992 hadi 8.6 mwaka 1996.

Lakini Uingereza mambo yalikwenda vingine. Kati ya 1991 na 1999, matumizi ya dawa za sulfonamidi yalipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Hata hivyo, katika hospitali moja ya London, bakteria wa E. coli wenye usugu huo walitoka asilimia 39.7 na kufika 46.

Sababu ni mbili. Kwanza, bakteria hupata mabadiliko mengine yanayopunguza uzito wa mzigo, bila kupoteza usugu. Pili, jeni za usugu husafiri pamoja kwenye kipande kimoja cha DNA kiitwacho plasmidi. Ukiacha dawa moja na kuendelea na nyingine, unazilinda zote.

Ndiyo maana katika DRC, ambako antibiotiki huuzwa bila karatasi ya daktari, kungoja dawa ishindwe ndipo ipumzishwe ni kuchelewa. Kinachohitajika ni maabara za kupima damu hata nje ya miji mikubwa, udhibiti wa maduka ya dawa, na maji safi yanayozuia maambukizi tangu mwanzo. Dawa hulindwa wakati bado inatibu. Ikishapotea, huenda isirudi.