Video ya Kipimo Isifungiwe kwa Ufunguo wa Muuzaji

Mgonjwa anayepewa rufaa baada ya kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti huondoka na ripoti ya karatasi na, akibahatika, diski yenye video ya kipimo. Karatasi husomeka popote. Diski huweza kukataa kufunguka, endapo video imehifadhiwa kwa mtindo unaotambuliwa na programu ya mtengenezaji wa mashine peke yake. Hapo kipimo hurudiwa, na gharama humwangukia mgonjwa.

Si suala la ubora wa picha. Katika faili ya video kuna mambo mawili: namna picha na sauti zilivyobanwa, na kasha linalozibeba pamoja. Kasha ndilo huijulisha kompyuta kipi kinaanzia wapi na kinaambatana na nini. Muundo wake ukiwa siri, kilichomo hakifikiwi, hata kiwe safi namna gani.

Makasha ya wazi yapo. Maelezo ya Ogg yalichapishwa mwaka 2003. Matroska, yenye jina linalotokana na wanasesere wa Kirusi wanaowekwa mmoja ndani ya mwingine, ilianza mwaka 2002, na mwaka 2024 maelezo yake yakatolewa na IETF, chombo cha wahandisi wa intaneti, katika waraka RFC 9559. Yeyote huusoma bila malipo. Kampuni ikifilisika kesho, mtaalamu mwingine ataweza kuandika programu ya kufungua faili hizo. Hivi sasa VLC, isiyolipiwa, huzifungua.

Neno «wazi» lisimtishe mtu. Kilicho wazi ni maelezo ya kasha, si siri za mgonjwa; faili yenyewe yaweza kulindwa kwa nywila.

Wapo watakaosema tunayo DICOM, nayo ni kanuni ya wazi. Ni kweli, na nakala ya asili ibaki humo, kwa kuwa hutunza utambulisho wa mgonjwa na taarifa za vipimo. Lakini simu ya mgonjwa kwa kawaida haina programu ya kuisoma. Apewe na nakala ya pili ya kutazama. Hata MP4 ingefaa, maana kanuni yake imechapishwa na ISO. Kwa hifadhi ya miaka mingi mimi ningechagua Matroska.

Sharti hili liandikwe katika zabuni kabla mashine haijanunuliwa: itoe DICOM, na itoe video inayofunguka bila programu ya muuzaji. Nawe mgonjwa, kabla hujaondoka, omba diski yako ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine.