Hojaji za Vileo Ziulize kwa Lugha na Kalenda ya Unguja

Mzee wa Mji Mkongwe akiulizwa kama "ametumia dawa" katika miezi mitatu iliyopita, atamweleza msaili habari za vidonge vyake vya shinikizo la damu. Kijana wa maskani naye hajui heroini. Anajua unga, na unga hanunui kwa gramu bali kwa kete, ambayo uzito na ukali wake hubadilika kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine. Kumtaka ataje gramu ni kumtaka abuni.

Tambuu nayo hupotea vivyo hivyo. Bibi anayetafuna jani la mtambuu lenye popoo, chokaa na tumbaku hatakiri kwamba anatumia tumbaku. Yeye anakula tambuu. Asipoulizwa kwa jina hilo huandikwa kuwa si mtumiaji, ilhali popoo imekwisha kutambuliwa kimataifa kuwa kisababishi cha saratani.

Kosa kubwa zaidi limo katika kalenda. Hojaji ya STEPS ya Shirika la Afya Duniani huuliza habari za pombe kwa siku 30 zilizopita. Siku hizo zikiwa za Ramadhani, baadhi ya wanywaji wataonekana wameacha. Zikiwa za mwisho wa Shaabani, wakati wa kuvunja jungu, wataonekana wamezidi. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hutangulia kwa siku 11 hivi, utafiti unaorudiwa kila Aprili unaweza kutangaza mafanikio yaliyoletwa na mwezi mwandamo, si na mradi wowote.

Kisha kuna suala la nani anauliza, na wapi. Msaili aliyeongozwa na sheha, akaketi barazani majirani wakisikia, atapewa jibu la barazani. Ndiyo maana mwaka 2007 watafiti waliowatafuta wanaojidunga Unguja hawakutegemea kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Waliwatumia watumiaji wenyewe kuwaleta wenzao.

Wapo wanaohofia kwamba hojaji ikibadilishwa, Zanzibar haitaweza kulinganishwa na kwingine. Hofu hiyo ina haki yake, lakini nambari zilizopatikana kwa swali lisiloeleweka hazilinganishwi na chochote. Njia ya kati ipo: swali la kimataifa libaki, liulizwe kwa kete, kwa msokoto na kwa tambuu, tarehe ya mahojiano iandikwe pia kwa mwezi wa Kiislamu, na kipindi kinachoulizwa kitajwe kwa alama ambayo watu wanaikumbuka, kama vile "tangu Maulidi".

Pa kuanzia pasiwe mbali. Katika hospitali ya Kidongo Chekundu, ambako tiba ya methadoni hutolewa tangu 2015, wapo watu waliokwisha kuzoea kuyazungumza haya bila woga. Kwa ridhaa yao, na bila jibu lolote kuathiri dozi ya mtu, maneno ya hojaji yajaribiwe kwao kwanza, majibu yalinganishwe na vipimo vya mkojo, na swali litakaloshindwa hapo lisipelekwe shehiani.